Picha ya Bibi Inataka Maji

Naipingo,
Nachingwea,
Jimbo la Kusini.
Jumapili, 14 Oktoba 1951

Mpendwa Mjomba Benedikto,

Shikamoo, Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta huko Tanga unapumua vizuri, wewe na Mama Filbert na watoto wote. Kile kifua chako kinachosumbuliwa na vumbi la mkonge kinaendeleaje? Mama anasema unywe maji ya moto yenye tangawizi kabla ya kwenda kazini, na nimeandika kama alivyosema.

Sisi huku hatujambo kwa afya. Mama mgongo unamuuma akiinama, na tangu Bibi afariki amekuwa akilala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo. Mvua bado. Mashamba tumekwisha kuyachoma, sasa tunatazama juu tu.

Barua yako ya tarehe 23 Septemba aliileta mwalimu wa dini Agapiti juzi Ijumaa. Tumefurahi kujua kwamba Filbert ameanza shule.

Mjomba, sasa naingia kwenye neno lililonifanya nikae chini leo hii hii. Uliandika kwamba picha ya Bibi umeibandika ukutani mkabala na mlango, na kwamba pembeni imeanza kuwa na rangi ya chai. Ukasema labda ni moshi wa jiko la Mama Filbert. Mjomba, si moshi. Mama Filbert hana kosa. Kosa ni langu na nitalieleza lote, lakini kabla hujaendelea kusoma nakuomba kwanza ufanye haya.

Itoe picha ukutani polepole isichanike. Tafuta beseni lisilo na mafuta wala sabuni, ulijaze maji safi ya baridi. Ilaze picha humo, uso ukitazama juu, uiache kwa muda wa kusali rozari nzima. Kisha mwaga maji yote. Usiyatumie tena hata ukiyaona meupe kabisa. Jaza mengine. Fanya hivyo mara saba. Usiisugue kwa kidole. Ukiona ngozi ya karatasi inainuka kama lengelenge, acha papo hapo. Ikaushe kivulini, si juani.

Kama umemaliza, au kama umeiangalia ukaona hakuna la kufanya tena, basi endelea kusoma.

Uliuliza ni nani aliyeipiga ile picha, ukataka nimpelekee shukrani zako. Sanduku la kupigia picha ni la Bwana Saburi, mtu wa Ruangwa, wa umri kama wako. Ni mwembamba, hucheka bila sauti, na kucha zake za mkono wa kulia ni nyeusi kwa ajili ya dawa. Kazi ya karanga, yale mashamba makubwa ya Wazungu, ilipokuja na watu wakajaa Nachingwea, alileta sanduku lake la miguu mitatu akalisimamisha kando ya soko, mbele ya ukuta wa duka lililofungwa. Hakuwa na nyumba ya picha. Alikuwa na ukuta, kigoda, koti moja la kuazima watu, na saa ya mkononi isiyotembea, maana kila kijana wa karanga alitaka nyumbani kwao wamwone na saa.

Sanduku lenyewe lina jicho mbele na kioo nyuma. Ubavuni lina mkono wa kitambaa cheusi. Bwana Saburi huingiza mkono humo akafanya kazi gizani kwa kupapasa, kwa sababu dawa zote mbili zimo ndani, ya kutoa picha na ya kuishika isipotee. Kwanza hutoka picha ya kinyume, mtu mweusi anakuwa mweupe na shati jeupe linakuwa jeusi. Halafu anaipiga picha hiyo ya kinyume mara ya pili, ndipo mtu anapata kuwa yeye mwenyewe. Mwisho picha inaingia kwenye ndoo ya maji iliyo chini ya sanduku. Ndoo ile ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Nitakueleza nilivyofika hapo. Nilipomaliza darasa la sita mwaka jana hapakuwa na nafasi ya kuendelea, basi Mama akawa anapika vitumbua nami nauza sokoni. Mjomba, wewe unanijua kwa barua tu. Mimi ni mtu wa aibu sana. Shuleni nikiulizwa swali ninalolijua nilikuwa nalia. Sokoni niliweka sinia chini nikalitazama sinia. Siku moja kijana wa matrekta aliniuliza, "Dada, hivi vitumbua unaviuza au unavilinda?" Wenzake wakacheka, nami nikarudi nyumbani na vitumbua vyote. Mama alinigombeza, tukavila sisi wenyewe siku mbili.

Mkeka wangu ulikuwa karibu na ukuta wa Bwana Saburi, ndiyo maana akaanza kunituma maji. Nilikuwa nachota, naweka ndoo bila kusema. Siku moja mteja alikuwa amekwenda kubadilisha shati, Bwana Saburi akanyanyua kile kitambaa cha nyuma akasema, "Chungulia."

Nikaingiza kichwa. Kwenye kioo niliona soko lote limesimama kwa kichwa. Mwanaheri, yule muuza vyungu jirani yetu, alikuwa ananing'inia juu kama popo, na anacheka. Sijui nielezeje, Mjomba. Mtu akiwa amepinduliwa hawezi kunitazama. Sikuona aibu hata kidogo. Nilimtazama Mwanaheri kuliko nilivyopata kumtazama mtu yeyote, hata Mama. Nikaona kwamba akicheka anafunika jino moja kwa ulimi. Namjua tangu nazaliwa, sikuwahi kuliona jambo lile. Nilipotoa kichwa, Bwana Saburi alisema tu, "Eeh," kama mtu aliyekuwa anangoja jibu na amelipata.

Tangu siku hiyo sikutaka kazi nyingine duniani.

Nilikaa majuma mawili nikikusanya nguvu za kumuuliza yeye ni nini kilichomvuta. Akaniambia kwamba utotoni alikuwa akifagia duka la Mhindi mpiga picha kule Lindi. Dirishani palikuwa na picha za watu asiowajua, na kila asubuhi akipangusa kioo aliwaamkia mmoja mmoja mpaka mwenye duka akamuuliza kama ana homa. Lakini alisema si hilo hasa. Alikwenda vitani Burma pamoja na rafiki yake wa Mtua. Yule rafiki hakurudi. Vita ilipokwisha Bwana Saburi alikwenda Mtua kumpa pole mama wa marehemu, na yule mama akamwuliza, "Aliondoka mdogo. Alipata ndevu?" Akasema alizipata. "Zilikuwaje?" Bwana Saburi hakukumbuka. Walilala hema moja miaka miwili na hakukumbuka. Alipotoka Mtua hakurudi shambani. Alikwenda Lindi kutafuta sanduku.

Ng'ambo ya barabara alikuwako mpiga picha mwingine, Kipriani, Mmakonde wa upande wa pili wa Ruvuma. Yeye alikuwa na kitambaa kikubwa kilichochorwa motokaa nyekundu, na watu walisimama mbele yake wakajifanya wanafungua mlango. Ukimuuliza Kipriani kilichomvuta, husema, "Njaa ilinishika shati, binti, ikaniburuta hadi hapa." Lakini mimi nimemwona asubuhi kabla ya wateja, akipaka rangi upya magurudumu, akirudi nyuma kutazama, akaongeza taa. Sidhani njaa ndiyo iliyoongeza taa.

Walikuwa wakipigiana kelele mchana kutwa. Kipriani, "Saburi! Ukuta wako unafanya watu waonekane wafungwa!" Bwana Saburi, "Na hiyo motokaa yako inaondoka lini? Tangu mwaka juzi iko hapo hapo." Watu walikuja kusikiliza maneno tu wakaishia kupigwa picha. Zile zilikuwa siku nzuri, Mjomba. Sikujua kama ni nzuri, nilidhani ndivyo mambo yalivyo.

Sasa nieleze kuhusu maji. Bwana Saburi alinifundisha kwamba kila picha lazima iogeshwe maji saba, kila maji yakimwagwa kabisa. Yalikuwa maji mengi, na bomba lilikuwa karibu na mahali pa malori. Mwaka huu watu wa karanga wamekuwa wakipunguzwa kazi kila juma, na mwezi Julai walijaa pale bombani na masanduku yao wakingoja usafiri. Hawakuwa na la kufanya ila kusemesha wanaopita. Nikifika na ndoo wananiita, "Mchumba wa Saburi! Njoo utuoshe na sisi!" Wengine walikuwa watani tu, najua. Lakini miguu yangu ilikuwa inakataa. Basi nikawa nakwenda alfajiri mara moja, nachota ndoo moja, siendi tena.

Na neno lingine, silisemi ili kujitetea. Mimi nimelelewa na Bibi, nawe unajua alivyokuwa juu ya maji. Kiangazi maji ya kuoshea mboga ndiyo ya kuoshea vyombo, na ya vyombo ndiyo ya kunywesha bata. Mtu akimwaga maji meupe mbele ya watu, Bibi alimtazama kama amemwaga unga. Maji ya picha yalibaki meupe. Niliyatazama vizuri sikuona uchafu wowote. Nikasema moyoni, Bwana Saburi amezoea mambo ya Lindi, huko maji ni mengi. Nikawa naosha picha za siku nzima kwa ndoo moja, picha baada ya picha. Aliniuliza, "Unabadilisha?" Nikaitikia kwa kichwa.

Mjomba, ile dawa ya kushika picha haionekani ndani ya maji. Inabaki ndani ya karatasi, inaila picha kidogo kidogo. Sikujua hilo. Lakini nilijua kwamba niliambiwa mara saba.

Ulipoandika kuomba picha ya mama yako, Bibi alikataa mara mbili. Alisema, "Mke mwenzangu, huyo Bene anataka uso wangu, si angekuja auchukue mwenyewe?" Siku ya tatu aliamka akajipaka mafuta, akavaa kanga mpya, akasema twende. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 21 Julai. Tulitembea polepole, tukapumzika mara nne.

Kipriani alipomwona aliita, "Bibi, pita kwangu! Nitakupandisha motokaa!"

Bibi akasimama katikati ya barabara. "Inakwenda Tanga?"

"Haiendi popote, Bibi."

"Basi nipandie nini?"

Watu walicheka mpaka Kipriani mwenyewe akakaa chini. Bibi alipofika kwetu, kijana mmoja akasema atoe ile ndonya iliyochomekwa kwenye mdomo wa juu, itavunja kioo cha watu. Bwana Saburi alimkemea. Halafu akamwambia Bibi kwa adabu kwamba kama anapenda, anaweza kufunika mdomo kwa kanga, maana wazee wengine huona haya mbele ya vijana wa mjini. Bibi akajibu, "Mwanangu nilimnyonyesha nikiwa nayo. Nikiificha atasema mmempelekea bibi wa mtu mwingine."

Akaketi juu ya kigoda. Bwana Saburi akaweka karatasi, akapima jua, kisha akanigeukia akasema, "Huyu mpige wewe."

Mjomba, aliyeipiga picha ile ni mimi. Nilimtazama Bibi kwenye kioo, kichwa chini, mikono juu ya magoti, ametulia kuliko watu wote waliopata kuketi pale. Nikafungua jicho la sanduku, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikafunga. Bibi hakupepesa. Ndiyo picha pekee niliyopiga maishani mwangu. Ilipotoka, Bibi aliishika kwa mikono miwili akasema, "Kumbe nimekuwa mama yangu."

Iliingia kwenye maji yaliyokwisha kuosha picha tisa. Niliizungusha mara moja nikaitoa, kwa sababu Bibi alikuwa amechoka na anataka kurudi nyumbani. Mama aliishika jioni ile moja tu, na Jumatatu tukaituma kwako.

Mambo ya tarehe 19 Agosti, Bibi alipotutoka, unayajua, mwalimu Agapiti alikuandikia.

Katikati ya Septemba watu walianza kurudisha picha. Wa kwanza alikuwa mpishi mmoja wa kambini. Alidhani ameiweka vibaya. Koti lilikuwa limebaki lakini uso ulikuwa rangi ya majani makavu. Kesho yake wakaja wawili, halafu wakaja kwa kundi. Bwana Saburi alimwambia kila mmoja, "Dawa iliharibika. Kosa ni langu." Kipriani alipiga kelele ng'ambo, "Jamani, kwa Saburi unapigwa picha leo, mwezi ujao unapata karatasi ya kuandikia barua!" Watu walicheka, lakini si kama zamani, na mwisho Kipriani naye akaacha kusema.

Jioni moja Bwana Saburi alikuwa anafunga miguu ya sanduku. Akaniuliza bila kunitazama, "Teodosia, maji ulikuwa unabadilisha?"

Mjomba, nikaitikia kwa kichwa tena.

Juma lile lile alirudi Ruangwa. Kipriani hakukaa sana. Watu wa karanga waliobaki ni wachache na wana picha zao. Mwanzo wa mwezi huu alikunja motokaa yake akaipakia kwenye lori la kwenda Mtwara. Barabara ya sokoni haina mpiga picha hata mmoja sasa. Kwenye ukuta kumebaki alama ya migongo ya watu.

Barua yako ilipofika juzi nilijua kwamba siwezi kunyamaza tena. Jana nikamwomba Mwanaheri nifuatane naye kwenye lori la kwenda soko la Ruangwa. Mama nilimwambia nakwenda kumpelekea Bwana Saburi shukrani zako, na hilo lilikuwa kweli. Nilimkuta shambani kwake akichoma visiki. Sanduku liko chini ya upenu. Kuku amelalia mayai juu ya kile kitambaa cheusi.

Nilimwamkia, nikampa salamu zako na asante yako. Kisha nikasema, "Sikubadilisha maji." Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimesema jambo bila kuulizwa.

Akasema, "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu yule mpishi. Nimeosha picha miaka mingi, Teodosia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza mara mbili."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Nilipomwambia habari ya picha ya Tanga aliacha moto akanawa mikono. Kwanza tulitafuta ile ya kinyume ili aipige tena. Alikuwa ameziweka kwenye bati, zimeshikamana zote, na kila tuliyoibandua ilikuwa madoa matupu, maana nazo ziliogeshwa ndoo ile ile. Kisha akanipeleka kwa jirani yake, Zena, ambaye mumewe alipigwa picha kwetu mwezi huo huo wa Julai kabla hajaondoka kwenda kutafuta kazi. Hajaleta habari mpaka leo. Picha yake ilikuwa kama ulivyoieleza ya Bibi, chai pembeni, ila hii ilikuwa nayo kidogo kwenye shavu pia. Bwana Saburi akasema tujaribu, na kama ikipona hii na ya Tanga itapona.

Tuliiosha kwenye sufuria mbele ya mlango, sisi watatu. Maji ya kwanza, salama. Maji ya pili, salama. Maji ya tatu, ngozi ya karatasi ikainuka, uso ukaachana na karatasi ukaelea juu kama utando wa maziwa, halafu ukakatika. Zena hakulia. Alisema, "Basi nipeni karatasi yangu," akaitandaza juu ya kanga yake, akaingia nayo ndani. Bwana Saburi alibaki ameshika sufuria hajui amwage wapi.

Aliponisindikiza kwenye lori alinipa maagizo yale niliyokuandikia juu. Alisema kama chai iko pembeni tu, jaribu. Kama imefika usoni, ni bahati nasibu, na yeye hataki kunidanganya. Mjomba, uliandika tarehe 23 Septemba. Leo ni siku ya ishirini na moja, na barua hii nayo itakuwa njiani siku nyingi. Nimehesabu na kuhesabu. Sioni jinsi itakavyowahi. Naandika kwa sababu kutoandika ni kuitikia kwa kichwa mara ya tatu.

Nilimuuliza kama atarudi Nachingwea. Akasema hapana, watu wameondoka, na waliobaki wanajua anachouza. Nikamuuliza kama sanduku ataliuza. Akasema, "Mwache kuku aangue kwanza." Sikuthubutu kumwambia lile nililokuwa nalitaka. Wala wewe sikuombi. Ningelipewa leo lile sanduku na dawa zake zote, sijui ningemwambia nani aketi juu ya kigoda.

Limebaki jambo la Mama. Yeye hajui. Ile siku ya Ijumaa nilimsomea barua yako yote isipokuwa mstari wa rangi ya chai, huo niliuruka. Hakugundua, maana macho yake yako kwangu si kwenye karatasi. Kila jioni sasa anasema, "Bene akija likizo atakuja naye," kama vile Bibi yuko huko kwako anatembea. Ameanza kufagia pale ukutani atakapoiweka. Mimi sina kinywa cha kumwambia. Nimejaribu asubuhi hii tulipotoka kusali, nikafungua mdomo, nikamwambia kuni zimekwisha.

Kwa desturi yetu kosa la mpwa ni la mjomba wake kuliamua, kwa hiyo nimelileta kwako kabla ya mtu mwingine. Nitakubali utakavyosema. Nina ombi moja. Ukijibu, usinifiche, na usiniandikie karatasi mbili, moja yangu na moja ya Mama. Andika moja tu, ya Mama. Mwambie picha imekuwaje na ni nani aliyeifanya iwe hivyo. Hapa nyumbani msomaji ni mimi peke yangu. Nitaketi mbele yake nimsomee kwa sauti kila neno, na nikifika kwenye jina langu sitaruka.

Msalimie sana Mama Filbert, umwambie nimemwomba radhi kwa habari ya moshi. Msalimie Filbert, mwambie ashike masomo. Mwalimu Agapiti anakusalimu, na Mwanaheri pia, anasema hajasahau ulivyomvunjia mtungi. Mama anakutakia heri nyingi, yuko uani anachambua mchicha wala hajui ninayoyaandika.

Mungu akutunze penye mashine za mkonge, wewe na vidole vyako vyote kumi, na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mpwa wako akupendaye na kukuheshimu,

Teodosia